Dakika 30 ambazo hazikuwepo

 Najua nimepotea. Kuna mmoja wenu kanisema pale kafeteria kwamba bumu likitoka mwenzetu haonekani. Jamani, si bumu. Testi mbili mfululizo, halafu asaimenti ya kundi ya Saikolojia ya Elimu ambayo kama kawaida kundi lina watu sita, wanaoandika wawili, na majina juu ya karatasi ni sita. Leo nimepumua kidogo, nimekaa chini ya mwembe wetu uleule, nataka kuongea kitu ambacho hamjazoea kukisoma hapa. Leo tunaongelea helikopta. Msicheke, nisikilizeni kwanza.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinipigia kutoka Mtwara. Huyu kamaliza ufundi umeme, na kama vijana wengi wa kule, anasubiri gesi ya baharini kama watu wanavyosubiri mvua.

"Dada, shikamooo."

Shikamoo ikishavutwa hivyo mnajua wenyewe inaelekea wapi. Nikamwambia, "Marahaba. Haya sema, shilingi ngapi?"

Akacheka. Akanieleza kuna kozi ya kujiokoa majini. Kuna mtu kamwambia kwamba mradi ukianza, mwenye cheti cha hiyo kozi ndiye ataitwa kwanza, kwa sababu kwenye mitambo ya mbali baharini watu wanapelekwa kwa helikopta. Akanielezea kwa furaha kabisa: wanakufunga mkanda ndani ya kibanda kilichotengenezwa mfano wa helikopta, wanakitumbukiza kwenye bwawa, kinapinduliwa juu chini, wewe unafungua dirisha unatoka. Halafu akasema neno ambalo limenikaa kichwani wiki nzima.

"Dada, ukishajua hiyo, hata ikianguka unatoka."

Hata ikianguka unatoka. Basi hapo usingizi ukaruka. Nilikuwa nimekaa na madesa ya kesho, nikayaweka pembeni, nikaanza kusoma ajali za helikopta. Nimesoma siku nne. Sasa nina maoni, na kwa kuwa mimi nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati, maoni yangu yatakuwa ya kimwalimu. Mnivumilie.

Nianze na ajali moja ambayo nimeisoma mpaka nikaota.

Tarehe 12 Machi 2009, asubuhi, helikopta aina ya Sikorsky S-92A iliondoka mji wa St. John's, kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Ilikuwa na watu 18: marubani 2 na wafanyakazi 16 wanaokwenda zamu kwenye mitambo ya mafuta ya Hibernia na White Rose, mashariki kabisa kwenye Atlantiki. Chombo hiki hakikuwa kikuukuu. S-92 ilikuwa moja ya helikopta mpya na za kisasa kuliko zote zilizofanya kazi hiyo.

Kama nusu saa hivi baada ya kuruka, taa ya hatari ikawaka: presha ya oili ya giaboksi kuu imeshuka. Giaboksi ndiyo moyo wa helikopta. Inachukua mzunguko wa injini, inaupeleka kwenye mapanga ya juu yanayobeba chombo na kwenye panga dogo la mkiani linalozuia mwili wa chombo usizunguke kama pia. Gari likiishiwa oili unaegesha pembeni, unapiga simu kwa fundi. Helikopta juu ya Atlantiki haina pembeni.

Rubani akageuza kurudi nchi kavu, wakashuka hadi kama futi 800, wakaendelea kuelekea pwani. Takriban dakika 11 tangu taa iwake, mfumo wa kuzungusha panga la mkiani ukafa. Wakajaribu kushuka majini, chombo kikapiga maji kwa nguvu, kikazama kwenye kina cha zaidi ya mita 150. Kati ya watu 18 alipona mmoja. Mmoja tu.

Na hapa ndipo nilipoacha kusoma nikaenda kunywa maji. Kila abiria wa safari zile alitakiwa awe amepita mafunzo yaleyale anayoyataka mdogo wangu. Kibanda, bwawa, kupinduliwa, dirisha. Walivaa suti maalumu za kuzuia baridi na maji. Wote 17 walikufa kwa kuzama.

Sasa, ilikuwaje?

Wachunguzi wa Bodi ya Usalama wa Usafirishaji ya Kanada walitoa ripoti yao Februari 2011. Ukiisoma unaona kwamba ile ajali haikuanza asubuhi ile. Ilianza miaka mingi nyuma, na ilianza na namba.

Kuna kanuni ya uthibitisho wa helikopta kubwa inayosema kwamba oili ya giaboksi ikimwagika yote, chombo kiweze kuendelea kuruka dakika 30. Kanuni nzuri kabisa. Lakini ilikuwa na mlango wa nyuma: isipokuwa kama mtengenezaji ataonyesha kwamba oili kuisha ni jambo ambalo uwezekano wake ni mdogo mno. Mwaka 2002 walijaribu giaboksi ya S-92 bila oili. Ikafa baada ya kama dakika 11. Someni tena, dakika 11. Baada ya hapo wakabadilisha baadhi ya vitu, wakaweka vali ya kuzuia uvujaji upande wa kipoza oili, na chombo kikathibitishwa kwa kupitia ule mlango wa nyuma. Kikapewa leseni kihalali. Lakini huko mtaani kwa marubani na mafundi, ripoti inasema, watu wengi waliamini S-92 ina zile dakika 30.

Wadau, nilipofika hapo nikajiona niko darasani.

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, niliwauliza kidato cha pili, maji yanachemka nyuzi ngapi? Darasa zima kama kwaya: "Mia moja, madamu!" Nikauliza, na kileleni Kilimanjaro je? "Mia moja, madamu!" Kumbe kule juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 80 na kitu tu. Kwenye daftari zao sentensi ilikuwa kamili, imeandikwa "kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa." Ila nani anakariri mkia wa sentensi? Mtihani unauliza namba.

Namba ikitengana na sharti lake inageuka kuwa uongo, na mtu anayeusema wala hajui kama anadanganya. Sisi hapa chuoni tunaita kudesa. Unachukua karatasi ya mwenzako, unameza, unaenda kutapika kwenye chumba cha mtihani, unapata B yako, maisha yanaendelea. Hakuna anayekufa kwa desa la Falsafa ya Elimu. Lakini dakika 30 lilikuwa desa. Lilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akiliamini kwa sababu aliyempa analiamini.

Na si hilo tu. Marubani walikuwa na dalili mbili za kuangalia, presha ya oili na joto la oili. Presha ilishuka, joto halikupanda. Wakabaki na mashaka, pengine kipimo cha presha ndicho kibovu. Sasa wanafizikia wenzangu, hebu fikirini: kipimo cha joto la oili kinapima nini? Oili. Oili ikishamwagika yote, kinapima nini? Hakuna kitu cha kukiambia kwamba chuma kinaungua. Joto la kawaida siku ile halikumaanisha usalama. Mimi ningeweza kufundisha hilo kidato cha tatu kwa sufuria na kipimajoto kimoja, na hakuna mtoto angelisahau. Sitaki kuwasema marubani, wamekufa wakijaribu kuwarudisha watu nyumbani, na kitabu cha maelekezo chenyewe wachunguzi waliona hakikuwa wazi. Ninachosema ni kwamba maarifa yalikuwepo sehemu fulani, kwenye karatasi fulani, na hayakumfikia aliyeyahitaji dakika aliyoyahitaji. Hiyo ni kazi ya mwalimu iliyoshindwa.

Kuna la tatu, na hili ndilo linaniudhi kuliko yote.

Oili ilimwagikia wapi? Kwenye kikombe cha filta ya oili. Kinashikwa na boliti tatu nyembamba zisizo na kichwa, mafundi wanaziita stadi. Zilikuwa za titani. Mbili zilikatika. Na haikuwa mara ya kwanza! Julai 2008 huko Australia, S-92 nyingine ilikatika stadi zilezile, oili ikamwagika, ila wao walikuwa karibu na nchi kavu, wakatua salama ndani ya dakika chache. Mtengenezaji akachunguza, na Januari 2009 akatoa waraka: badilisheni stadi za titani, wekeni za feleji. Muda wa kufanya hivyo? Saa 1,250 za kuruka au mwaka mmoja. Ile helikopta ya Newfoundland ilianguka mwezi wa Machi, ikiwa bado ndani ya muda. Waraka wenyewe haukuwa umevunjwa. Tarehe 23 Machi 2009, siku 11 baada ya ajali, mamlaka ya anga ya Marekani ikatoa amri ya dharura: hakuna S-92 kuruka tena kabla ya kubadilisha stadi.

Kazi ya stadi tatu iliyopewa mwaka mzima ikawa kazi ya kabla ya kuruka. Teknolojia haikubadilika katikati. Kilichobadilika ni kwamba watu 17 walikuwa wamekufa.

Mtasema hiyo ni bahati mbaya ya Kanada. Haya, twendeni Uskoti. Siku 20 tu baada ya ile ya Newfoundland, tarehe 1 Aprili 2009, helikopta aina ya Super Puma iliyokuwa inawarudisha wafanyakazi kutoka Bahari ya Kaskazini ilikatika mapanga ya juu ikiwa angani. Watu 16, wote wakafa. Giaboksi tena. Wiki moja kabla, sumaku ya ndani ya giaboksi ile iliyowekwa kunasa vipande vya chuma ilikuwa imenasa kipande kimoja kidogo. Mafundi waliona. Wakawasiliana na mtengenezaji. Lakini mawasiliano yenyewe yakawa ya kutoelewana, ukaguzi wa ndani zaidi haukufanyika, chombo kikaendelea na kazi.

Halafu 29 Aprili 2016, karibu na kisiwa cha Turøy, Norwe. Ndugu wa ileile, Super Puma toleo jipya, mapanga yakachomoka, watu 13 wakafa. Wachunguzi wa Norwe wakakuta uchovu wa chuma kwenye gia ya ndani ya giaboksi, mambo yanayofanana sana na ya 2009. Yaani miaka saba somo lilikuwa ubaoni. Baada ya hapo wafanyakazi wa Bahari ya Kaskazini waligoma kwa mioyo yao, kwamba hata mamlaka zikiruhusu chombo hiki kirudi, sisi hatupandi. Mamlaka ziliruhusu kweli, lakini makampuni ya mafuta hayakuzirudisha kwenye kazi hiyo. Mtu anayepanda kila wiki tatu alikuwa na sauti, na ile sauti ikahesabika. Hilo nalo ni funzo, nitalirudia.

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumbani haya yote (maskini alikuwa anajipikia zake ugali), akanitazama akasema, "Sasa wewe, bodaboda hapa Dar zinaua watu wangapi kwa mwaka? Mbona helikopta inakutoa machozi?"

Hoja ya haki. Na ni kweli, ukilinganisha na barabara zetu, hizo safari za helikopta ni salama sana. Lakini nimekaa nayo hiyo hoja nikaona inakosa kitu. Mimi bodaboda akikimbiza namgonga begani, "Kaka, nishushe hapa." Nikiona tairi limeisha napanda nyingine. Mfanyakazi wa baharini hachagui chombo, hachagui hali ya hewa, haoni sumaku ya giaboksi imenasa nini. Kupanda ni sharti la ajira. Usipopanda huna kazi. Mtu ukimnyima uchaguzi, umebeba wewe mzigo wa usalama wake. Ndivyo ninavyoona mimi.

Na ndiyo maana ile "hata ikianguka unatoka" imenichoma. Inamhamishia mzigo mtu wa mwisho.

Msinielewe vibaya. Mafunzo ya kujiokoa ni ya lazima, na yana akili nyingi ndani yake. Kwanza, helikopta ikitua majini hupinduka kirahisi. Kwa nini? Kitovu cha uzito, wapendwa! Injini na giaboksi viko juu, chini ni kibanda chenye viti na watu. Ni kama kuelesha ndoo yenye jiwe mdomoni. Ikipinduka, juu inakuwa chini, giza, maji yanaingia puani, mkono wako haujui kushoto ni wapi. Anayefundishwa anaambiwa: shika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja, usiuachie, subiri chombo kitulie, fungua dirisha, ndipo ufungue mkanda, jivute utoke. Ukifungua mkanda kwanza unaelea humo ndani kama chupa. Hiyo huwezi kuisoma kwenye desa, lazima mwili uifanye. Sisi walimu tunasema ujifunzaji kwa kutenda, na hapa ndipo msemo wenyewe unapata maana.

Lakini kuna bwawa na kuna bahari. Bwawani maji ni ya vuguvugu, mkufunzi yuko pembeni, mzamiaji anakuangalia, na unajua lini utazamishwa. Kwenye maji ya baridi kali mwili unashtuka, unavuta pumzi bila kutaka. Mtu aliyeweza kubana pumzi dakika nzima sebuleni kwake, kule mara nyingi hafikishi hata sekunde 20. Ndiyo maana kuna kifaa kidogo cha kupumulia chini ya maji, cha kukupa pumzi chache za kutokea. Pale Newfoundland kifaa hicho kilikuwa kimejadiliwa karibu miaka 9. Wafanyakazi walianza kupewa miezi michache baada ya ajali. Miaka 9 ya vikao, halafu miezi michache.

Waingereza nao walibadilika baada ya ajali ya 23 Agosti 2013 karibu na Sumburgh, visiwa vya Shetland, ambapo helikopta ilianguka majini ikapinduka, watu 4 wakafa na 14 wakatoka. Februari 2014 mamlaka yao ya anga ikatoa masharti mapya: bahari ikichafuka kupita kiwango, hakuna kuruka, abiria akae karibu na dirisha la kutokea, au awe na kifaa bora cha kupumulia, na mtu mwenye mabega mapana asikae kwenye dirisha asiloweza kupita. Ni masharti ya akili ya kawaida kabisa. Mtu yeyote angeweza kuyafikiria kabla, kwa kumtazama tu abiria na kulitazama dirisha.

Mnaona mfumo ulivyo? Kila sharti zuri lina tarehe ya mazishi nyuma yake.

Sasa kwetu inahusu nini? Inahusu. Tangu 2010 imegunduliwa gesi nyingi kwenye bahari yetu ya kina kirefu, mbele ya Lindi na Mtwara, na visima vingine viko kama kilomita 100 kutoka pwani. Wakati wa kuchimba visima vile, wafanyakazi walikuwa wakivushwa kwa helikopta kutoka Mtwara. Mradi mkubwa wa kusindika gesi pale Likong'o, Lindi, tumeusikia miaka na miaka. Siku ukianza, vijana kama mdogo wangu watapanda.

Naomba basi tusidese kila kitu, wala tusipuuze kila kitu. Bahari yetu ni ya joto, haina ule mshtuko wa baridi. Suti nzito ya Newfoundland kwetu ingempika mtu kabla hajaruka. Lakini helikopta ikipinduka Msimbati inapinduka vilevile, na dirisha ni dogo vilevile, na giaboksi haijui kama iko Kanada au Kusini.

Na kuna swali la nani anakuja kukutoa. Siku ya ajali ya Newfoundland, helikopta za uokoaji za jeshi zilizokuwa karibu zilikuwa zimekwenda mazoezini mkoa mwingine. Baadaye jaji mstaafu Robert Wells, aliyeongoza uchunguzi wa umma, alitaka kuwe na helikopta ya uokoaji ya kudumu inayoweza kuruka ndani ya dakika 15 hadi 20. Sisi tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilitumbukia Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 ndani, 19 wakafa. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, Mungu awabariki. Kilomita 100 baharini hakuna mvuvi wa mtumbwi.

Jaji Wells alitoa mapendekezo 29 mwaka 2010, na la 29 aliliona ndilo zito kuliko yote: iundwe mamlaka ya usalama inayojitegemea, isiyo na kazi nyingine. Sababu yake naielewa hata mimi nisiye mwanasheria. Ofisi ileile ikiwa ina jukumu la kuona mafuta yanatoka na jukumu la kuona watu wanarudi salama, siku moja hayo majukumu mawili yatagongana mlangoni. Pale Kanada pendekezo hilo halikutekelezwa vile alivyotaka. Waliimarisha kitengo cha usalama ndani ya bodi ileile. Hapa kwetu usalama wa anga ni wa TCAA, usalama kazini ni wa OSHA, shughuli za mkondo wa juu wa petroli ni za PURA iliyoundwa na sheria ya 2015. Ofisi tatu si tatizo. Tatizo ni kama kijana aliyeketi dirishani hajui ni mlango upi abishe akiona kitu hakiko sawa. Ningependa ajue kabla hajapanda, na liwe somo la kwanza kwenye hiyo kozi, hata kabla ya bwawa.

Ndiyo maoni yangu kwa kifupi. Mafunzo ya abiria ni wavu wa mwisho. Wavu wa kwanza ni chombo chenyewe, wa pili ni mtu anayeona kipande cha chuma na kusema "hiki hakiruki leo," wa tatu ni ofisi inayomlinda huyo mtu asifukuzwe. Ukianza kumsifia mwanafunzi kwamba ana cheti cha wavu wa mwisho na nyavu za juu zina matundu, umemdanganya. Na sisi tunaosomea kufundisha tuna dhambi ya ziada hapo, kwa sababu vyeti tunavigawa sisi.

Sasa mtaniuliza, je, hela umetuma?

Nimetuma. Nusu kutoka kwenye bumu, na mama kaongezea ya kuku. Lakini kabla ya kutuma nilimpigia.

"Mdogo wangu, hiyo kozi nakulipia. Ila kwanza ulizia kama cheti chenyewe kinatambuliwa na wanaoajiri, usije ukaliwa hela. Na ukifika pale nataka umuulize mkufunzi maswali, usimeze tu."

"Maswali gani tena, dada?"

Nikamwandikisha. Chombo tutakachopanda, oili ikiisha kinaruka dakika ngapi, na hizo dakika zilipimwa au zilihesabiwa kwenye karatasi? Kifaa cha kupumulia kipo? Nitakaa dirisha gani, na napita? Bahari ikichafuka nani anasema leo haturuki? Tukianguka, nani anakuja, na baada ya muda gani? Na nikikataa kupanda kwa sababu nimeona kitu, kazi yangu itakuwepo kesho?

Akanyamaza kidogo. Nikadhani mtandao umekata.

"Dada, nikiuliza yote hayo si wataniona mjuaji? Hawatanichukua."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilibaki nimeshika simu, naangalia watoto wa watu wanapita kwenda lekcha na madesa yao kwapani. Nikawakumbuka kidato cha pili wangu. Siku ile ya maji na Kilimanjaro kulikuwa na kabinti kamoja nyuma kabisa, kalinyoosha mkono nusu, kakaushusha. Nilipokauliza baadaye kakasema, "Nilitaka kuuliza kwani juu kule hewa si ni tofauti, ila niliogopa watanicheka."

Kalikuwa kanajua. Darasa la watu 70 likaimba mia moja, na aliyekuwa anajua akashusha mkono.

Nilimwambia mdogo wangu, "Uliza hata swali moja. La oili. Uliza kwa adabu, lakini uliza mbele ya wenzako wote."

Akasema, "Haya dada, nitajaribu."

Kozi inaanza mwezi ujao. Nitawaambia kama aliuliza. Na ninyi walimu wenzangu watarajiwa, wiki ijayo tunaingia tena kwenye mazoezi ya kufundisha: mkiona mkono ulionyooka nusu kule nyuma, msiuache ushuke.

Ni hayo tu kwa leo. Narudi kwenye madesa yangu, Mungu anisamehe.